Kusoma Namba za Joto la Hewa ya Juu Darasani

Katika somo la hali ya hewa hakuna jambo linalodhaniwa kuwa jepesi kama joto. Mtoto hulijua joto kabla hajaijua shule: hulijua jikoni, hulijua juani, na hulijua usiku anapougua homa. Mwalimu naye, akiisha kuwaonyesha wanafunzi themometa iliyotundikwa kivulini na kuwafundisha kuhesabu vijistari vyake, huona kazi imekwisha. Kwa themometa ya kivulini huenda imekwisha kweli. Lakini siku hizi mwalimu anaweza kupata, kwa njia ya kompyuta au kwa karatasi aliyochapiwa na mwenzake, majedwali na michoro ya joto la hewa kuanzia ardhini mpaka kimo cha kilometa 30 hivi. Humo neno joto halina maana moja tena. Katika mistari miwili tu ya jedwali hilo anaweza kukuta -5.8, -17.8, 326 na -9999, zote zikiwa chini ya vichwa vinavyotaja joto.

Makala haya yamekusudiwa mwalimu mwanafunzi atakayesimama mbele ya darasa la sita au la saba akiwa na karatasi ya namna hiyo mkononi. Hatutaki kumgeuza mtabiri wa mvua. Tunalotaka ni kwamba asiandike ubaoni namba ambayo hajaihoji: ni joto la kitu gani, limeandikwa kwa kipimo kipi, ni la kimo kipi, na je, ni kipimo kweli au ni alama iliyovaa sura ya kipimo? Mwalimu asiyehoji huwafundisha watoto, bila ya kukusudia, kwamba kilichochapwa na mashine kinatosha kuaminiwa. Hilo ni funzo baya kuliko kosa lolote la hesabu.

Namba hizi hutoka wapi

Puto kubwa hujazwa gesi nyepesi, likafungiwa chini yake kisanduku kidogo chenye vipimio vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, pamoja na redio ndogo. Puto hupaa, na redio hutuma namba chini kila baada ya muda mfupi, hata puto linapopasuka huko juu. Kisanduku hicho huitwa radiosondi. Robert Bureau wa Ufaransa alirusha cha kwake mwaka 1929, na Pavel Molchanov wa Urusi akafuata mwanzoni mwa 1930. Kabla ya hapo vifaa vilijiandikia vyenyewe huko angani, na ilibidi kusubiri vianguke na kuokotwa na watu wema.

Kwa vifaa hivyo vya kuokotwa ndipo Léon Teisserenc de Bort aligundua jambo lililowashangaza wataalamu wa wakati wake. Alirusha maputo zaidi ya 200 kutoka Trappes, karibu na Paris, na mara kwa mara themometa zake zilionyesha kwamba joto hushuka mpaka kimo cha kilometa 11 hivi, kisha huacha kushuka. Wazo lake la kwanza halikuwa kwamba ameivumbua tabaka mpya ya anga. Alishuku kwamba jua lilikuwa likiipasha themometa yenyewe moto, hivyo akarusha maputo usiku. Namba zilipobaki vilevile ndipo alipotangaza, mwaka 1902, habari za tabaka ile tunayoiita leo stratosfia. Tunawaomba walimu wasiiruke hadithi hii, kwa sababu inamwonyesha mtoto mtaalamu aliyeanza kwa kuishuku namba yake mwenyewe.

Afrika Mashariki imo katika habari hizi tangu zamani. Mwaka 1908 Wajerumani wawili, Arthur Berson na Hermann Elias, walirusha maputo katika eneo la ziwa Victoria. Walikuta kwamba juu ya nchi zetu za joto, hewa ya kilometa 16 na zaidi ni baridi kuliko ile ya kimo kilekile juu ya Ulaya, ikishuka hata chini ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu akiambiwa hivyo hukataa, na ana haki ya kukataa mpaka aone jedwali.

Leo maputo hurushwa katika vituo vingi vya dunia kwa saa zilizokubaliwa, hasa saa 00 na saa 12 kwa hesabu ya saa za dunia. Mwalimu aangalie hapo. Saa 12 ya jedwali ni saa tisa alasiri kwetu, na saa 00 ni saa tisa usiku. Anayedhani saa 12 ni adhuhuri, au mbaya zaidi ni magharibi, atalinganisha namba za jedwali na themometa ya shule kwa saa isiyokuwa yenyewe. Kituo hujulikana kwa namba yake pia: Dar es Salaam ni 63894, na Nairobi, yaani Dagoretti, ni 63741.

Jedwali la mfano

Jedwali lifuatalo tumelitunga kwa ajili ya somo. Si kipimo cha siku yoyote. Namba zake zinafanana na zile zinazopatikana katika pwani yetu alasiri ya siku yenye unyevu.

Milibari | Kimo (meta) | Joto | Umande | Joto la kushushwa
70 | 18,690 | -71.0 | -9999 | 432
100 | 16,620 | -79.2 | -9999 | 374
200 | 12,420 | -53.0 | -9999 | 349
300 | 9,680 | -31.4 | -9999 | 341
500 | 5,870 | -5.8 | -17.8 | 326
700 | 3,160 | 9.6 | 2.1 | 313
850 | 1,525 | 18.0 | 13.5 | 305
1005 | 55 | 30.2 | 23.4 | 303

Tumeliandika likianzia juu kwa kusudi, ili ardhi iwe chini na mbingu iwe juu, kama mtoto anavyoziona. Majedwali mengi ya kompyuta huanza na ardhi katika mstari wa kwanza, na mtoto asiyeonywa husoma akidhani anashuka kumbe anapanda. Vichwa vya safu navyo huwa vifupisho. Katika majedwali ya Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, ambayo hutumiwa na watu wengi duniani, joto la hewa huandikwa TEMP, la umande DWPT, na lile tuliloliita joto la kushushwa ni THTA. Darasani vifupisho hivyo havina faida. Mwalimu avifute na kuweka maneno.

Lisiletwe jedwali zima mara moja. Jedwali zima huwatisha watoto, nao hukimbilia kunakili. Tunashauri mwalimu alichore katika karatasi kubwa na kulifunika kwa vipande vya karatasi, akifunua safu moja baada ya nyingine kadiri somo linavyokwenda.

Kwanza kimo, kisha joto

Safu ya milibari ndiyo inayowapa shida walimu wengi, nao huishia kuiruka. Wasiiruke, kwani ndiyo ngazi ya jedwali lote. Milibari hupima uzito wa hewa iliyo juu yetu. Tukipanda, hewa iliyobaki juu ni kidogo, na namba hupungua. (Programu nyingi siku hizi huandika hektopaskali mahali pa milibari. Ni kitu kilekile, 1 kwa 1.) Kwenye milibari 500 tumekwisha kuiacha chini yetu nusu ya hewa yote, ingawa tumepanda kilometa 6 tu.

Ili kimo kiwe kitu cha kuonekana, mwalimu apige mstari wima ukutani, sentimeta 10 kwa kila kilometa. Kilele cha Kilimanjaro, meta 5,895, kitakuwa kwenye sentimeta 59, karibu na ukingo wa deski. Mstari wa baridi kali kuliko yote katika jedwali letu, meta 16,620, utakuwa kwenye sentimeta 166, yaani penye kichwa cha mwalimu. Puto likipasukia kwenye kilometa 30, hapo ni meta 3, darini. Kila namba ya joto iandikwe kwenye kikaratasi na kubandikwa mahali pake. Tumeona kwamba watoto wakimaliza kubandika, huanza wenyewe kuuliza maswali ambayo mwalimu alikusudia kuwauliza.

Swali la kwanza huwa ni lilelile siku zote: mbona juu ni baridi ilhali kuna ukaribu na jua? Lijibiwe bila haraka. Jua liko mbali nasi kiasi cha kilometa milioni 150. Kilometa 6 za mlima hazipunguzi chochote katika safari hiyo. Tena hewa haipashwi moto na jua moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Jua hupasha ardhi na bahari, nazo hupasha hewa kutoka chini, kama sufuria inavyopashwa na jiko. Zaidi ya hayo hewa inayopanda hutanuka, na kutanuka huipoza.

Jedwali letu lina mstari wa meta 5,870, ambao ni karibu sana na kimo cha Kilimanjaro, na joto lake ni -5.8. Je, hilo ndilo joto la kilele? Hapana, si lazima. Puto limepima hewa huru ya pwani. Mlima una mawe yanayopashwa na jua mchana na kupoa usiku, nao huibadili hewa inayougusa. Mwalimu aseme kwamba namba hizo mbili ni majirani, asiseme kwamba ni kitu kimoja.

Alama ya kutoa, nayo, isichukuliwe kuwa imekwisha kueleweka. Watoto wengi wa darasa la sita, wakiulizwa ipi ni kubwa kati ya -53.0 na -79.2, hujibu -79.2. Mstari wa ukutani unasaidia hapa kuliko maelezo, na hasa ule mstari wa juu kabisa: kutoka -79.2 hadi -71.0 joto limepanda. Mwenye kudhani kwamba namba imepungua kwa kuwa 71 ni ndogo kuliko 79 hatauona mpaka wa stratosfia, nao ndio huo.

Umande

Safu ya nne si joto la hewa. Ni joto ambalo hewa ile ingelazimika kupoa hadi kulifikia ndipo mvuke wake uanze kugeuka maji. Chupa ya maji baridi iliyotolewa kwenye jokofu hutosha kwa mfano: hewa inayoigusa chupa imepozwa hadi kufikia joto la umande, na matone yameonekana.

Basi namba hii isisomwe peke yake; isomwe kwa umbali wake na joto. Kwenye meta 1,525 tofauti ni 18.0 toa 13.5, yaani 4.5: hewa ina unyevu mwingi. Kwenye meta 5,870 ni -5.8 toa -17.8. Hapa darasa hukwama, na mwalimu asiwape jibu. Awarudishe ukutani wahesabu hatua kutoka -17.8 mpaka -5.8. Watapata 12, na watajua kwamba hewa ile ni kavu. Namba mbili zikilingana, hapo hewa imeshiba mvuke, na kwa kawaida puto limo ndani ya wingu. Joto la umande halizidi joto la hewa. Mwalimu akiona limezidi, ajue kwamba safu zimebadilishana mahali au mtu amekosea kunakili.

Joto la 326

Tunafika sasa kwenye safu inayowashangaza hata walimu wazoefu. Mstari wa -5.8 una 326 pembeni. Kuna mambo mawili ndani ya namba hiyo, nayo yatenganishwe.

La kwanza ni kipimo. Namba hizi zimeandikwa kwa nyuzi za Kelvini, ambazo huanza kuhesabiwa penye baridi isiyoweza kuzidi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya sentigredi. Ukubwa wa uzi mmoja ni uleule. Ni mwanzo wa kuhesabu tu uliohamishwa. Tukiondoa 273 katika 326 tunabaki na 53 za sentigredi. Wanafunzi wanaojua kwamba saa moja ya Kiswahili ni saa 7 ya Kizungu hawatapata taabu: jambo ni moja, mahali pa kuanzia ni pawili.

La pili ni gumu zaidi. Hewa ya kimo cha Kilimanjaro haina nyuzi 53. Hizo ni nyuzi ambazo ingekuwa nazo kama ingeshushwa mpaka kwenye milibari 1,000, karibu na usawa wa bahari, pasipo kupewa wala kunyang'anywa joto njiani. Hewa kavu inaposhuka hubanwa, na inapobanwa hupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilometa. Pampu ya baiskeli ionyeshwe: mwanafunzi azibe tundu kwa kidole, mwingine asukume kwa nguvu mara kadhaa, kisha waiguse sehemu ya chini. (Msuguano nao huchangia kidogo; mwanafunzi mwerevu akilisema hilo asifiwe, asinyamazishwe.) Namba hii basi haikupimwa na puto. Imekokotolewa na kompyuta kutokana na joto na mgandamizo uliopimwa.

Kwa nini wataalamu wanahangaika na joto ambalo halipo? Kwa sababu linaonyesha kama hewa ya juu inaweza kuporomoka chini au la. Katika safu hiyo namba zinaongezeka kila tunapopanda, ingawa joto lenyewe linapungua. Maana yake hewa ya juu ikishushwa ingekuwa ya moto kuliko ya chini, na hewa ya moto haikai chini. Ndiyo maana mbingu yenye baridi kali haituangukii. Kwa darasa la sita maelezo haya yanaweza kupita kimo chao, na tunaona si dhambi kuiacha safu ya tano imefunikwa mpaka darasa la saba. Lakini mwalimu mwenyewe ailewe, maana kikaratasi kikidondoka na mtoto akaiona 326, ataiuliza.

Namba zisizo joto

Kuhusu -9999 tutasema machache, kwa sababu inajitangaza yenyewe. Hiyo ni alama ya kwamba hapakuwa na kipimo. Vipimio vya unyevu hupata taabu katika baridi kali, na mahali pengi huko juu safu ya umande hubaki tupu. Programu nyingi huweka -9999 ili pasibaki pengo. Katika hazina moja kubwa ya Marekani ya vipimo vya maputo iko na -8888, ambayo humaanisha kwamba kipimo kilikuwapo lakini wakaguzi wamekitoa. Hakuna kitu kinachoweza kuwa baridi kupita -273.15, kwa hiyo mtoto anayejua hilo hawezi kudanganyika.

Anayedanganyika ni mwenye kuhesabu pasipo kutazama. Mwambie mwanafunzi atafute wastani wa umande wa mistari mitano ya chini. Akijumlisha 23.4, 13.5, 2.1, -17.8 na -9999, kisha akagawanya kwa 5, atapata -1995.56, na hesabu yake haitakuwa na kosa hata moja. Wastani wa kweli ni 21.2 gawanya kwa 4, yaani 5.3. Zoezi hili ni dogo, lakini lina thamani, kwani linamkuta mtoto akiwa amefanya kila alichoambiwa.

Tunahofia zaidi namba zenye sura ya kweli. Katika hazina hiyohiyo joto huandikwa kwa sehemu za kumi, pasipo nukta. Joto la 9.6 huonekana kama 96, na -5.8 huonekana kama -58. Mtoto akiambiwa kwamba kwenye kimo cha Kilimanjaro kuna nyuzi 58 chini ya sifuri, ataamini. Hata mwalimu anaweza kuamini. Hakuna kengele inayolia. Dawa ni kutazama mistari mingine ya safu ileile: chini kabisa patasomeka 302, na juu -530, na hapo uongo unafichuka. Namba moja isihukumiwe peke yake, bali iitiwe jirani zake.

Kuna pia ujumbe wa mtindo wa zamani, ambao umekuwa ukiachwa taratibu lakini bado hukutwa katika kumbukumbu. Humo hakuna nukta wala alama ya kutoa. Tarakimu ya mwisho ya joto ndiyo inayobeba alama: ikiwa shufwa, joto liko juu ya sifuri, ikiwa witiri, liko chini. Hivyo 180 ni 18.0, na 059 ni -5.8 au -5.9. Tarakimu mbili zinazofuata ni tofauti ya joto na umande: zisipozidi 50 ni sehemu za kumi, na kuanzia 56 huondolewa 50, kinachobaki kikawa nyuzi kamili. Kwa hiyo 18045 husomeka joto 18.0, tofauti 4.5, na 05962 husomeka joto -5.8, tofauti 12. Hatujui mchezo mzuri kuliko huu wa kufundishia shufwa na witiri. Darasa ligawanywe makundi mawili, moja liandike ujumbe, jingine liufumbue, na anayesahau kutazama tarakimu ya mwisho apeleke kikaratasi chake mahali alipokiandikia, watu wacheke.

Mchoro uliolazwa

Programu za kuchambua vipimo hivi, kama SHARPpy au RAOB, hazipendi majedwali, huchora. Mchoro unaotumika sana ulibuniwa na Nicolai Herlofson wa Norwe mwaka 1947. Milibari zimepangwa kutoka chini kwenda juu, na mistari ya joto haikusimama wima bali imelala ikielekea kulia kadiri inavyopanda. Sababu ya kuilaza ni kwamba joto hushuka sana kwa kimo. Kama mistari ingesimama, kipimo kingekimbilia pembe ya kushoto na kutoka nje ya karatasi.

Kosa la hapa ni moja, na karibu kila anayeanza hulifanya. Huweka kidole kwenye kipimo cha milibari 500, akakishusha wima mpaka ukingo wa chini, akasoma namba iliyo pale. Namba hiyo ni kubwa kuliko joto la kweli, tena kwa nyuzi nyingi. Kidole kifuate mstari uliolala, kishuke kwa mshazari kuelekea kushoto, kisome mwisho wa mstari huo. Mwalimu atengeneze rula ya kadibodi iliyokatwa kwa mshazari unaolingana na mistari ya mchoro wake, na asiruhusu kusoma kwa macho matupu mpaka darasa lote lizoee.

Mistari miwili minene iliyo katika mchoro ni vipimo: wa kulia ni joto, wa kushoto ni umande. Mara nyingi utauona na wa tatu, wenye vidoti au vikato. Huo haukupimwa na puto. Kompyuta imechukua hewa ya chini na kuuliza: ikinyanyuliwa mpaka juu, itakuwa na joto gani kila mahali? Hewa ya chini ya jedwali letu, yenye joto 30.2 na umande 23.4, ikinyanyuliwa mpaka milibari 500 itakuwa na nyuzi -0.5 hivi. Hewa iliyopo huko ina -5.8. Iliyonyanyuliwa ni ya moto kuliko jirani zake, kwa hiyo itazidi kupanda, na mawingu ya radi yanaweza kusimama. Wataalamu hutoa -0.5 katika -5.8 na kupata karibu -5, ambayo huandikwa pembeni ya mchoro kama kipimo cha utulivu wa hewa.

Alama hiyo ya kutoa hapo haina habari yoyote ya baridi. Kila inapozidi kuwa chini ya sifuri, hewa inazidi kuwa na ghasia. Mwalimu aliyekwisha kuwazoesha watoto kwamba hasi ni baridi atalazimika kulivunja zoea hilo kwa mikono yake mwenyewe, na tunamshauri alivunje mapema.

Zoezi la kufungia

Darasa likiisha kulimudu jedwali la pwani, lipewe la Nairobi. Watakuta kwamba mistari ya milibari 1,000, 925 na 850 ina kimo lakini nafasi ya joto ni tupu, na kwamba joto la kwanza linaanza karibu na milibari 820. Wasiambiwe sababu. Wapewe mstari wa ukutani, wapewe habari kwamba kituo cha Dagoretti kiko kwenye meta 1,800 hivi juu ya bahari, na waachwe wabandike. Kwa kawaida atapatikana mmoja atakayesimama akiwa na kikaratasi cha 850 mkononi, akitazama sentimeta 15 na kitu, kisha sentimeta 18, akasema: "Mwalimu, hii iko chini ya ardhi."